Nani Aone Nini

Mfamasia alikaribishwa kiti, hakukaa. Alisimama mbele ya meza ya mapokezi, mkoba begani, akayatazama mazulia yaliyoviringishwa na kuegemezwa ukutani, kisha akamgeukia mwenye kampuni.

“Sijaja kumtuhumu mtu,” alisema. “Nina swali moja tu. Niliwaandikia kwamba nasafiri, na kwamba ufunguo mtaukuta kwenye kopo la maua, ili mnisafishie makochi nikiwa sipo. Mlikuja, mkasafisha, mkafunga, mkaurudisha ufunguo mahali pake. Na kuhusu kazi yenu sina neno. Ila baada yenu ameingia mtu mwingine. Hakuvunja dirisha wala hakung’oa kitasa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kopo. Nataka kujua, ujumbe wangu uliusoma wewe peke yako?”

Mwenye kampuni alikuwa mwanamke mnene, mchapakazi, ambaye wateja walimwita Mama Povu. Alianza kusafisha mazulia kwa mashine moja sebuleni kwake, na sasa alikuwa na ukumbi wa kukodi, magari mawili, na wateja wengi kuliko kichwa chake kilivyoweza kubeba.

“Tuna grupu la kazi kwenye simu,” alijibu. “Ujumbe ukija naurusha huko, wafanyakazi wanajipanga.”

“Grupu la watu wangapi?”

Mama Povu alizipanga upya risiti zilizokuwa mezani. Binti yake, aliyekuwa pembeni akipokea simu za wateja, aliinamia kibodi kana kwamba kuna kitu kimedondokea humo.

“Wafanyakazi wetu, dada.”

“Wangapi?”

“Wanaingia na kutoka. Kazi zenyewe ndizo hizi.”

“Kwa hiyo hujui nani na nani wanajua ninakoweka ufunguo wangu.” Mfamasia alisema hivyo taratibu, bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma zaidi. Mzee mmoja aliyekuwa akisubiri zulia lake alikohoa, akasema atalichukua hivyohivyo hata kama kingo hazijakauka. Aliondoka nalo begani, maji yakimtiririkia shati, akionekana mtu aliyekumbuka jambo nyumbani kwake.

Televisheni, kompyuta na vidani vya mfamasia vilikuwa vimekwenda. Siku ile Mama Povu aliwatazama wafanyakazi wake wakirudi kutoka kazini, mmoja baada ya mwingine, na kila aliyemsalimia kwa furaha alimtia wasiwasi, na kila aliyenyamaza alimtia wasiwasi zaidi.

Aliyeongoza kazi ya kwa mfamasia alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe. Na shemeji alikuwa na pikipiki mpya.

*

“Tununue programu,” binti alisema wakiwa mezani nyumbani. “Wateja wote wakae humo. Grupu tulifute.”

“Programu itamkamata mwizi?” Mama Povu aliuliza.

“Haitamkamata. Lakini mtu akikuuliza nani alisoma, utakuwa na jibu.”

Mumewe, ambaye alikuwa dereva wa moja ya magari yao tangu kiwanda alichokuwa akifanya kazi kifungwe, alisema anamfahamu mtu anayeuza programu za namna hiyo. Mtu huyo alikuja kesho yake, amevaa viatu vinavyong’aa, akafungua kompyuta yake katikati ya meza ya kulia. Kila alichoulizwa alijibu, “Hilo rahisi tu.” Kabla hajamaliza chai, binti alikuwa tayari ameshambatiza Bwana Rahisi.

“Bei?” Mama Povu aliuliza.

“Rahisi tu, mama. Miezi ya mwanzo bure kabisa.”

“Bure kwa nini?”

Bwana Rahisi alicheka, akitazama huku na huku kuona kama kuna mwingine anayecheka. “Muizoee kwanza.”

“Na ikiharibika, anayeitengeneza nani?”

“Mafundi wetu.”

“Wakati wanatengeneza, wanawaona wateja wangu?”

“Hawana muda huo, mama. Ngoja niwaonyeshe inavyofanya kazi, mtapenda wenyewe.” Aligeuza kompyuta upande wao. “Hawa ni kampuni ya usafi kama nyinyi. Jina silitaji.”

Jina halikuwa na haja ya kutajwa. Kwenye skrini yalipangwa majina ya watu, namba zao, mitaa yao, na chini ya kila mmoja maelezo mafupi. *Mbwa mkali, mwite mlinzi kwanza. Huyu halipi mpaka mumewe arudi. Anaishi peke yake, hasikii vizuri, gonga kwa nguvu.* Katikati ya orodha alikuwamo meneja wa hoteli ambaye zamani alikuwa mteja wa Mama Povu, akahamia kwa washindani wao bila kuaga.

“Hawa wamekuruhusu utuonyeshe?” Mama Povu aliuliza.

“Ni mfano tu.”

“Nimeelewa. Na kesho ukienda kwao, mfano wako utakuwa nani?”

Bwana Rahisi alisema mama ana utani mzuri. Hakuna aliyemsaidia kucheka. Alikunja kompyuta yake, akaahidi kupiga simu, akasindikizwa hadi getini na mume wa nyumba.

Mume aliporudi, Mama Povu alikuwa akimsubiri mlangoni.

“Nionyeshe mkono.”

“Mkono upi?”

“Huo uliouficha mfukoni.”

Aliutoa. Kwenye kiganja, kwa wino wa kalamu ya binti yao, ilikuwapo namba ya meneja wa hoteli.

“Alikuwa mteja wetu,” mumewe alijitetea. “Kwani nimeiba?”

“Kanawe.”

Alikwenda kunawa. Maji yalimwagika muda mrefu bafuni, na Mama Povu alibaki amesimama palepale, akijiuliza mume wake ameshaandika namba ngapi kiganjani, na za nani.

*

Muuzaji wa pili alipatikana na binti. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani mikubwa, aliyekuja ofisini na mwavuli bila kompyuta yoyote. Bei yake ilikuwa kubwa mara tatu, naye aliitaja mwanzoni kabisa, kama daktari anayemwambia mgonjwa kwamba sindano itauma.

“Kabla sijawaonyesha kitu,” alisema, “niambieni. Dereva wenu akienda kazini anahitaji kujua nini?”

“Mahali,” Mama Povu alisema.

“Anahitaji kujua mteja anarudi lini safari?”

“Hapana.”

“Anahitaji kujua mteja analala peke yake?”

Mama Povu alimtazama binti yake.

“Basi kaeni mpange nani aone nini. Mtu mmojammoja. Mkimaliza mniite, nitawaambia kama programu yangu inawafaa. Kama haiwafai, nitasema pia.”

Alichukua mwavuli wake, akaondoka. Mama Povu alimfuata kwa macho hadi alipokata kona.

“Muuzaji asiyeuza siku ya kwanza,” alimwambia binti, “ana lake jambo.”

Alimtuma binti apige simu kwenye zahanati ya meno iliyokuwa ikitumia programu hiyo. Mpokea wageni wa huko alisema ni ghali, na mtandao ukiwa mbovu inawatoa jasho, lakini tangu waanze kuitumia habari za wagonjwa hazijawahi kusikika saluni. Binti alipigia na duka la vioo linaloitumia pia, nako akaambiwa hayohayo, pamoja na lawama za bei. Lawama hizo ndizo zilizomtuliza Mama Povu. Angesikia sifa tupu, angeikataa.

Jumamosi mchana walikaa mezani, mama na binti, wakaanza kupanga. Kazi ilionekana nyepesi walipoanza na wafanyakazi wapya: mahali, saa, aina ya kitambaa, basi. Kazi ikiisha, anwani ijifute kwenye simu zao.

“Baba mdogo?” binti aliuliza.

Shemeji yake ndiye aliyebeba naye mashine ya kwanza ngazini. Wateja wengine walimwachia watoto waangaliwe wakati wao wanakwenda dukani mara moja. Mama Povu alikumbuka yote hayo. Akakumbuka na pikipiki.

“Muweke na wale wapya.”

“Mama.”

“Nimesema.”

Mumewe alikuwa kwenye kochi akirekebisha waya wa pasi. Aliweka bisibisi chini.

“Mdogo wangu unamweka na watu wa jana?”

“Kwa sasa.”

“Kuna neno unalo?”

“Sina neno. Ni mpango tu wa programu.”

“Na mimi umeniweka wapi?”

Binti alitazama skrini. Mama Povu aliigeuza kompyuta kidogo, si sana, lakini mumewe aliona.

“Wewe ni dereva,” alisema. “Unahitaji mahali.”

Mumewe alicheka kicheko kifupi kisichokuwa na furaha. Alivaa viatu, akatoka. Hawakuhitaji kuuliza anakwenda kwa nani.

*

Shemeji alikuja Jumapili, mchana kweupe, na sare zake za kazi zikiwa zimefuliwa, zimepigwa pasi na kukunjwa. Aliziweka juu ya meza ya kulia. Alikuwa mtu mrefu mwenye maneno ya mzaha, lakini siku hiyo mzaha aliuacha kwake.

“Shemeji,” alisema, “niulize.”

“Nikuulize nini?”

“Hilo unalojiuliza mwenyewe. Umemuuliza fundi wa pikipiki pale njia panda kwamba pikipiki kama yangu inauzwa bei gani. Amenisimulia, na watu walikuwapo wanasikia. Mimi mwenyewe hujaniuliza.”

Mama Povu alihisi uso ukimwaka. Mumewe alikuwa dirishani, amewapa mgongo.

“Pikipiki ni mkopo wa chama cha mke wangu,” shemeji aliendelea. “Ungetaka ningekuonyesha karatasi. Lakini hilo la pembeni. Niulize, usoni, mara moja tu.”

“Ulirudi kwa mfamasia?”

“Sikurudi. Niliingia na wenzangu, nikatoka na wenzangu.”

Lilikuwa neno moja tu lililotakiwa hapo, na Mama Povu alilijua. Akatafuta jingine.

“Nimekusikia,” alisema.

“Umenisikia.” Shemeji alitikisa kichwa taratibu. “Haya.”

Alimuaga kaka yake kwa heshima kama kawaida, akatoka. Sare zilibaki mezani. Hakuna aliyetaka kuziondoa, wakala chakula cha jioni jikoni.

Wiki iliyofuata wateja walianza kumuulizia. Yule kaka mcheshi yuko wapi? Mbona mmeniletea watu nisiowajua? Mmoja aliahirisha, mwingine akakata simu kabla binti hajamaliza kueleza. Mama Povu aliona waziwazi kinachoendelea: shemeji anawavuta mmojammoja, anajenga kampuni yake kimyakimya.

“Mpigie,” alimwambia binti. “Tumia namba asiyoijua. Jifanye mteja, una makochi yamechafuka. Tuone atakujibuje.”

“Mama, jamani, ni baba mdogo.”

“Piga.”

Binti alipiga, akabana pua kidogo, akaeleza habari za makochi yake. Simu iliwekwa sauti ya wazi. Upande wa pili shemeji alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, “Mwanangu, mafua hayo yamekupata lini? Mwambie mama yako sijachukua mteja wake hata mmoja. Waliponipigia, niliwapa namba ya ofisi.”

Binti alikata simu. Aliiweka mezani, akasimama, akaenda kujifungia chumbani kwake.

*

Mfamasia ndiye aliyepiga simu kuleta habari. Televisheni yake ilikuwa imekamatwa ikiuzwa sokoni, na muuzaji alikuwa amejieleza polisi.

“Alifanya kazi kwenu,” mfamasia alisema. “Mlimfukuza kwa kuchelewa, ndivyo anavyosema. Hakuwa na ufunguo wala rafiki ndani. Alikuwa na simu tu. Ujumbe wangu ulikuwamo, na wa wenzangu wengine wengi.”

Mama Povu alimkumbuka. Kweli alimfukuza, mwenyewe, mbele ya wenzake, akamlipa stahili zake zote na kumtakia heri. Kumtoa kwenye grupu hakukumbuka.

“Pole sana, dada,” alisema. “Tunabadilisha mambo. Tunanunua programu ambayo—”

“Nafurahi kwa ajili ya watakaokuja,” mfamasia alisema. “Mimi nimeshapata mtu wa makochi.”

Mama Povu alifungua grupu, akasoma majina, kazi ambayo hakuwahi kuifanya. Alimkuta kijana aliyeacha kazi akaenda kwa washindani. Alimkuta dereva wa zamani ambaye simu yake, kila mtu alijua, siku hizi anaitumia mtalaka wake. Kulikuwa na namba zisizo na jina kabisa. Wote hao walikuwa wakisoma kila asubuhi nani kasafiri na ufunguo uko wapi.

Na mwenye uwezo wa kuwaondoa alikuwa mtu mmoja. Mumewe aliwahi kumwomba ampe naye uwezo huo, amsaidie. Alimkatalia. Alimwambia grupu likiwa na wakubwa wengi linaharibika. Ukweli ni kwamba hakutaka mtu mwingine ashike kitu chake.

Aliwaondoa, mmoja baada ya mwingine. Mumewe alipoingia kuomba anwani ya kazi inayofuata, alimweleza yote bila kujizungusha.

“Nani alikuwa amtoe?” mumewe aliuliza, ingawa alijua.

“Mimi.”

Alitegemea amseme. Mumewe aliegemea mlango, akajikuna kidevu.

“Kamwambie mdogo wangu,” alisema. “Mimi nimeshazoea.”

*

Walikwenda yeye na binti. Shemeji alikuwa uani akipangusa pikipiki. Mke wake aliwaletea maji ya kunywa kwenye sinia, akawawekea, akarudi ndani bila kukaa nao, na mlango akauacha wazi ili asikie.

Mama Povu alisema alichokuja kusema. Alieleza habari za mwizi, za grupu, za ile simu ya makochi. Hakumsingizia binti. Mwisho akasema, “Siku ile ulipojibu, nilipaswa kusema nimekuamini. Sikusema. Nisamehe, shemeji.”

“Nimekusamehe,” shemeji alisema, akiendelea kupangusa.

“Basi kesho uje.”

“Msamaha nimetoa. Kuhusu kazi sijasema kitu.”

“Nitakufungulia yote kwenye programu. Uone wateja wote, kila kitu.”

“Ya nini nijue nani kasafiri? Kwanza sasa hivi nalala usingizi mzuri. Niache hapohapo uliponiweka, na wale wapya.” Alisuuza kitambaa, akakikamua. “Mwanangu, nasikia hiyo programu inaandika nani kafungua nini.”

“Inaandika, baba mdogo,” binti alisema. “Ukifungua nyumba ya mteja humo, jina lako linabaki pale. Kila mtu, isipokuwa mama. Yule mwenye miwani, tulipompelekea mpango wetu, alisema kwa mwenye kampuni inaweza kuzimwa, na mama akaomba izimwe.”

Ndani, chombo kiligonga chombo.

“Iwashwe,” shemeji alisema. “Na anayesoma mama yako kafungua nini niwe mimi.”

“Wewe?” Mama Povu alisema. “Shemeji, mimi ndiye mwenye kampuni.”

“Ndiyo maana.”

“Hata mume wangu sijampa hilo.”

“Hayo ya nyumbani kwako siyajui.”

Mama Povu alinywa maji yote, ingawa hakuwa na kiu. Aliona mtego hapo. Aliutafuta ulipo, akaugeuza huku na huku, kama alivyougeuza kwa Bwana Rahisi na kwa yule wa mwavuli, na safari hii hakupata mahali pa kuushika. Mtu huyu alikuwa hataki kuona wateja wake. Alitaka kumwona yeye.

“Washa,” alimwambia binti, na sauti yake ilitoka kavu.

*

Programu ilikuja na matatizo yake. Siku za mwanzo mtandao uliwagomea, anwani zikachelewa, mteja mmoja akaitwa kwa jina la mwingine. Mama Povu alilalamikia bei kila alipokumbuka. Lakini asubuhi simu yake haikuwa tena inalia kama king’ora, na shemeji alikuwa amezichukua sare zake na kurudi kazini.

Siku moja, kazi zikiwa zimetulia, alifungua kwenye programu nyumba ya mwalimu mstaafu ambako shemeji alipangiwa asubuhi hiyo. Hakuwa na sababu. Alitaka tu kuona. Kabla hajafunga ukurasa, simu ikaita.

“Shemeji, naona umefungua kwa mwalimu.”

“Nimefungua.”

“Kuna tatizo?”

Jibu la kwanza lililomjia lilikuwa kwamba kampuni ni yake, na atafungua anachotaka. Alilimeza.

“Nilitaka kujua kama mmefika.”

“Tumefika. Siku nyingine uliza.”

“Nitauliza.”

Aliweka simu chini. Mumewe alikuwa mlangoni, ufunguo wa gari mkononi, amesikia yote, na alikuwa akijitahidi kutotabasamu.

“Cheka tu,” Mama Povu alisema. “Kuanzia kesho na wewe nakufungulia uone kila kitu, ndiyo utajua kwamba si raha.”

“Sina hamu ya kuona kila kitu,” mumewe alisema. “Siku ile mlipokuwa mnapanga, nilikuwa palepale kwenye kochi. Ungeniuliza tu nataka nini.”

Aligeuka aende kwenye gari.

“Ngoja,” Mama Povu alisema. Alivuta kiti kilichokuwa kando ya chake, akakipangusa kwa kiganja. “Unataka nini?”